Mtu wa TEHAMA Anachekesha Hata Mjimwema

Kuna hukumu moja juu ya vichekesho vya Waingereza ambayo imerudiwa mno hadi watu wameacha kuihoji. Inasema Mwingereza ana kicheko chake kikavu, cha maneno na mafumbo ya kwao, na sisi tuna chetu cha vituko, mavazi na lafudhi, kwamba Mr. Bean alitufikia kwa sababu hasemi, na kwamba kinachosemwa, hasa kikisemwa ofisini, na hasa ofisi hiyo ikiwa ya kompyuta, hakina njia ya kumfikia mtazamaji wa kawaida wa huku. Kwa hukumu hiyo, The IT Crowd, komedi ya Kiingereza kuhusu mafundi wa kompyuta wa kampuni moja ya London, ingekuwa kazi bure kuipeleka Mjimwema. Na Mjimwema tunazo mbili katika Mkoa wa Njombe: kata ya Njombe mjini na kata ya Makambako, jina moja, halmashauri mbili za mji, na barabara ya lami ya kama kilomita 60 katikati. Nazitaja kwa makusudi, kwa sababu ndiyo aina ya mahali ambapo wenye hukumu hii huwa napo akilini wanaposema "watu wa kawaida": nchi ya mbao, viazi, parachichi na baridi, si Masaki wala Mikocheni za Dar es Salaam. Nadhani wamekosea, na kosa lao si kuhusu Mjimwema tu. Wamekosea kuhusu komedi yenyewe, kwa kudhani kinachochekesha humo ni kompyuta.

Tuanze na ilivyo. Channel 4 ilianza kuirusha Februari 2006; misimu minne ya episodi sita sita ilikwisha 2010, kisha ikaongezwa episodi moja ndefu ya kuagia mwaka 2013, jumla 25. Mwandishi wake, Graham Linehan, si Mwingereza bali ni Mwairishi, jambo ambalo peke yake lingetosha kuwapunguzia kasi wanaoona damu ya Kiingereza katika kila mzaha. Kampuni inaitwa Reynholm Industries, ina jengo refu la kifahari, na mtazamaji haambiwi hasa inatengeneza nini au inauza nini. Ghorofani wako wakubwa, wamependeza, wana madirisha yanayotazama jiji. Chini kabisa, kwenye chumba cha chini ya ardhi kilichojaa makorokoro, wako Roy na Moss, wanaoigizwa na Chris O'Dowd na Richard Ayoade. Kazi yao ni kupokea simu za waliokwama. Roy anainua mkono wa simu na, kabla hajasikia shida ni nini, anauliza kama mtu amejaribu kuizima na kuiwasha tena. Swali hilo ndilo lililobaki midomoni mwa watu hata ambao hawajawahi kuiona komedi yenyewe. Na utamu wake ni kwamba jibu ni sahihi: mashine ikizimwa, kumbukumbu yake ya muda inafutika, programu zilizokwama zinakatika, na mara nyingi inaamka ikiwa nzima. Fundi hadanganyi. Kinachomchosha ni kwamba watu wanaomzidi cheo na mshahara hawataki kujifunza jambo la dakika moja.

Katika episodi ya kwanza anakuja Jen Barber kwenye usaili. Kwenye wasifu wake ameandika kwamba ana uzoefu wa kompyuta, na mkurugenzi, Denholm Reynholm, anafurahi na kumkabidhi idara nzima ya kompyuta aiongoze. Akitakiwa kueleza anachojua, Jen anaorodhesha: kutuma barua pepe, kupokea barua pepe, kufuta barua pepe, na anaendelea hivyo mpaka kwenye kipanya. Kinachochekesha si Jen kutojua. Ni kwamba anayemsaili naye hajui kiasi cha kutambua kuwa huyu hajui. Msimu wa tatu, mwaka 2008, mzaha huohuo unafika kileleni. Jen ameteuliwa mfanyakazi bora wa mwezi na anatakiwa ahutubie wenye hisa. Roy na Moss, kwa husuda, wanapanga kumwaibisha. Wanampa kiboksi cheusi chenye taa nyekundu juu na kumwambia hiyo ndiyo intaneti, yote, kwamba kwa kawaida hukaa juu ya Big Ben na wameiazima kwa ajili yake tu. Jen anapanda jukwaani na kiboksi chake. Mafundi wanakaa mkao wa kula, wakingoja ukumbi uvunjike mbavu. Ukumbi haucheki. Watu wa suti wanakitazama kiboksi kwa hofu na heshima, na hakuna hata mmoja anayeuliza. Anayesema tukio hilo linataka uwe Mwingereza ndipo ulielewe, anionyeshe Uingereza iko wapi ndani yake ukiiondoa Big Ben.

Sasa tuitazame ofisi ya kwetu. Kazi za Serikali zimehama kwenye faili na kuingia kwenye mifumo kwa kasi ambayo hata watumishi wenyewe hawajapata muda wa kuishangaa. Tangu mfumo wa malipo ya Serikali, GePG, ulipoanza mwaka 2017, karibu kila malipo ya umma yanataka control namba, tarakimu 12. Halmashauri inalipa kupitia mfumo wa MUSE. Zabuni, tangu 2023, zinapita mfumo wa NeST. Tathmini ya utendaji iliyokuwa fomu za OPRAS sasa ni mfumo wa PEPMIS, na mwalimu wa shule ya msingi kijijini anajaza majukumu yake humo kwa simu ya mkononi, akitafuta sehemu yenye mtandao. Ushuru wa mazao unakatwa kwa mashine ya POS. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ikaipandisha e-GA, taasisi inayosimamia mifumo hiyo, kutoka wakala hadi mamlaka. Sibezi hata kimoja katika hivyo. Fedha nyingi za umma zilikuwa zikipotelea kwenye stakabadhi za karatasi. Nasema matokeo yake kwenye mpangilio wa watu. Kila halmashauri leo ina mtu wa TEHAMA mmoja au wachache ambao, wakikosekana mfumo ukiwa umegoma, mweka hazina halipi na afisa manunuzi hatangazi. Cheo chao si cha juu. Meza kuu hawakai. Mgeni rasmi akija, wao wapo chini ya meza wanahangaika na waya wa projekta. Lakini mfumo ukigoma, mkuu wa idara aliyekaa kazini miaka 20 anasimama nyuma ya kiti cha kijana aliyemaliza chuo juzi, mikono nyuma, anangoja aambiwe abonyeze wapi. Anaulizwa paswedi, haijui. Anayeijua ni katibu muhtasi, ambaye ameiandika kwenye kikaratasi na kukibandika chini ya kibodi. Nje kwenye benchi, aliyekuja kukata leseni ya biashara ameshaambiwa mfumo uko chini, hana wa kumlaumu, na anamwona kijana akipita mara ya tatu na kompyuta mpakato kwapani. Huyo wa kwenye benchi ndiye mtazamaji wa The IT Crowd ambaye hajaonyeshwa bado.

Naongeza jambo ambalo wenye hukumu ile hawatalipenda. Huenda mtazamaji wa Njombe leo yuko karibu na komedi hii kuliko Mwingereza wa leo. Kampuni nyingi za Ulaya zimeitoa kazi ya Roy na Moss nje ya jengo. Mfanyakazi anapiga namba, anapewa tiketi, anasaidiwa na sauti iliyo mji mwingine au bara jingine, na kompyuta yake inarekebishwa kwa mbali bila kuona uso wa mtu. Chumba cha chini kinachooneshwa mle, kwao, kimekuwa historia. Kwetu mtu wa TEHAMA bado anaitwa kwa jina lake kwenye korido, anakuja na bisibisi, anainama chini ya meza ya bosi, na akiondoka wanamsema. Uhusiano ule ambao komedi imejengwa juu yake, wa kumtegemea mtu na kumdharau papo hapo, kwetu ndio kwanza umekomaa.

Wala mkubwa asiyeijua mashine si mgeni kwa historia yetu. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake, baada ya jaribio la kuendesha hesabu za Wizara ya Fedha kwa kompyuta kuvurugika na kuleta hasara. Yaani mashine ililetwa, hesabu zikaharibika, na uamuzi uliotolewa juu haukuwa kutafuta nani hakuijua mashine, bali kuifukuza mashine. Denholm Reynholm asingefanya tofauti. Nchi iliyowahi kuifukuza kompyuta kama mtumishi mtovu wa nidhamu haihitaji kufundishwa na London ucheshi wa mkubwa na mashine.

Kuna kitu kingine ndani ya komedi hiyo ambacho, kwa maoni yangu, Mtanzania anakipata kuliko mtu yeyote, nacho ni lugha ya ofisi. Msimu wa kwanza moto unawaka mle chumbani. Moss, badala ya kupiga kelele, anaketi, anafungua barua pepe, anaanza kuandika kuwataarifu wanaohusika kwamba kuna moto, anaona lugha yake ni rasmi mno, anafuta, anaanza upya kwa alama za mshangao, kisha anamalizia kwa salamu za heshima. Moto unaendelea nyuma yake. Mwingereza anacheka kwa sababu Moss ni mtu wa ajabu. Sisi tuna sababu ya ziada ya kucheka, maana tumelelewa na barua zenye kumbukumbu namba, zenye "Yah:" iliyopigiwa mstari, zinazomtaka msomaji ahusike na kichwa cha habari tajwa hapo juu hata kama kichwa cha habari chenyewe ni bomba lililopasuka. Halafu yuko Richmond, mtu aliyekuwa kipenzi cha mkurugenzi, akabadilika mavazi na mienendo, akashushwa taratibu mpaka akawekwa kwenye kijichumba cha mitambo nyuma ya mlango mwekundu, na kila mtu akamsahau. Kwa Kiswahili cha taarifa za uteuzi, Richmond alipangiwa kazi nyingine. Na Denholm anapotoka duniani, kiti kinachukuliwa na mwanawe Douglas, asiyejua lolote, anayeingia kanisani katikati ya mazishi ya baba yake kwa fujo na kuondoka akiwa mkurugenzi. Nani hapa atahitaji maelezo ya pembeni?

Pingamizi la kwanza ni la lugha, na ni la haki: Kiingereza chao kinakwenda mbio, na mizaha mingi imo ndani ya maneno. Lakini pingamizi hilo limesahau tulivyoangalia filamu miaka yote hii. Mtazamaji wa banda la video hajawahi kusubiri ajue lugha. Lufufu alisimulia filamu kwa Kiswahili, DJ Mack akafanya hivyo, DJ Afro wa Kenya akajenga himaya yake kwa hilo, na msimuliaji mzuri hatafsiri tu: anatia chumvi, anawapa wahusika majina ya huku, anamkemea mhusika anayefanya upumbavu. Sizoni za Kikorea na za Kifilipino zimetazamwa mpaka vijijini; tamthilia za Kituruki zimetiwa sauti za Kiswahili na kurushwa sebuleni na Azam. Watu wanaolia na masultani wa Istanbul hawawezi kuambiwa watashindwa na Roy kwa sababu ya msamiati. Tena kuna ushahidi wa kale zaidi, Mind Your Language, iliyoanza mwaka 1977, komedi ya darasa la wageni wanaojifunza Kiingereza. Hiyo ni ya maneno mwanzo mwisho, kila mzaha wake ni mtu kusikia neno vibaya. Kwa madai ya kwamba Mr. Bean alipita kwa kuwa bubu, ile ilipaswa kufia uwanja wa ndege. Badala yake ikawa moja ya komedi za Kiingereza zilizopendwa zaidi Afrika Mashariki, kwa sababu kila aliyesoma shule huku anajua kuaibishwa na Kiingereza kukoje.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, na silisikii likitolewa mara nyingi kama linavyostahili. Wamarekani walijaribu kuinakili The IT Crowd mwaka 2007, wakamchukua hata Ayoade mwenyewe arudie nafasi yake, haikuingia hewani. Wajerumani nao wakatoa nakala yao mwanzoni mwa 2008, ikaondolewa baada ya muda mfupi sana. Kama Marekani na Ujerumani, zenye ofisi, kompyuta na hela, zilishindwa, Njombe itaweza nini? Jibu ni kwamba walichoshindwa ni kunakili, si kucheka. Toleo la asili lilitazamwa kwingi, na mwaka huohuo wa 2008 lilipata tuzo ya Emmy ya kimataifa upande wa komedi. Kilichokufa ni jaribio la kuchukua mistari ileile na kuipachika midomo mingine. Hilo ni onyo kwa anayetaka kuiga, halimhusu mtazamaji. Na ndiyo sababu siombi mtu atuandikie The IT Crowd ya Njombe mstari kwa mstari. Itakuwa mbaya.

Wengine husema komedi ya mahali pa kazi si jadi yetu, kwamba sisi tunacheka nyumbani, kilabuni na shambani. Ni ajabu dai hili linavyodumu. Vioja Mahakamani, ya Kenya, imeishi miongo mingi na jukwaa lake lote ni chumba cha mahakama. Inspekta Mwala ni kituo cha polisi. Papa Shirandula, iliyomfanya marehemu Charles Bukeko apendwe mpaka huku kwetu, ni habari ya mlinzi wa getini anayemficha mkewe kazi yake halisi. Ukitafuta ndugu wa karibu wa Jen, aliyedanganya kwenye wasifu wake, ni huyo. Kinachokosekana kwenye komedi zetu ni ofisi ya leo yenye mifumo, na nadhani haipo kwa sababu waandishi wetu wamebaki na karani mla rushwa wa miaka ya themanini, mwenye tai fupi na rundo la mafaili, ilhali karani huyo sasa naye anasubiri namba ya uthibitisho iingie kwenye simu yake.

Nalo la heshima lisipitwe. Wapo wanaosema kumcheka mkubwa asiyejua ni kufundisha utovu wa adabu, na kwamba adabu yetu inataka upungufu wa mkubwa usitiriwe. Lakini Abunuwasi alikuwa akifanya nini miaka yote hiyo mbele ya sultani? Na utani je, ambao unamruhusu mtani amseme marehemu mbele ya jeneza na wafiwa wakacheka? Jamii yetu haikukataza kumcheka mkubwa. Iliweka watu maalumu na nafasi maalumu za kumchekea. Televisheni inaweza kuwa mojawapo. Tena The IT Crowd haiwaachi mafundi wakiwa mashujaa. Roy ni mvivu na mwenye dharau, Moss hajui kuongea na binadamu, na kiboksi walichomtegea Jen kinawarudia wenyewe. Wanaodhani ni komedi ya kuwapaka mafuta watu wa kompyuta hawakuitazama mpaka mwisho.

Dosari yake ya kweli ipo kwingine, na sitaifunika. Mjinga wa mashine aliyewekwa katikati ni mwanamke, na msimu baada ya msimu mzaha unamrudia yeye. Mwandishi anamlipa kwa kumfanya awe pekee mle chini anayejua kuishi na watu, na anawafanya wanaume wa ghorofani wajinga kumzidi, lakini fidia hiyo haitoshi. Vyuo vyetu vinatoa mabinti wa TEHAMA kila mwaka, na binti wa aina hiyo akiingia ofisini bado kuna anayemuuliza fundi yuko wapi. Komedi ya kwetu itakayoanza na huyo, aliye chini ya meza na bisibisi mkononi huku mkuu wa idara akimwulizia fundi, itakuwa imeipita ile ya London kwa ujanja.

Mpaka komedi hiyo itakapofika, liko jambo rahisi. Msimu wa kwanza wa The IT Crowd una episodi sita, kila moja chini ya nusu saa. Zote zinaisha katika usiku mmoja wa banda la video. Wenye studio za kutafsiri Dar es Salaam na Nairobi waombe kibali kwa wenye haki, wampe msimulizi mmoja aliyewahi kukaa kwenye benchi akisubiri mtandao urudi, na waipeleke Makambako stendi kabla ya kuipeleka Masaki.